Jumamosi Waliyosafisha Makaburi

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumamosi saa nne asubuhi, Treva Ramey alikaa kwenye meza ileile ya maktaba, ile iliyo karibu na choo, akajifunza kusahau anayoyajua. Si kazi rahisi kwa mwanamke wa miaka arobaini na minne. Vijana hufaulu mtihani wa kuingilia chuo cha sheria kwa sababu hawajui mengi ya kusahau. Treva alikuwa anajua mengi mno, na mengi kati ya hayo aliyajua kwa uchungu.

Siku za kazi alikuwa mpokea simu katika ofisi ya Wakili Prewitt, yule mwenye uso kwenye mabango manne kati ya mji na barabara kuu, meno yote nje, na maneno chini ya kidevu: TUSIPOSHINDA, HULIPI. Hayo maneno ni kweli. Prewitt hakumtoza mtu senti mpaka ashinde kesi, na akishinda alichukua theluthi ya fidia. Bango halikusema kwamba kati ya watu kumi waliopiga simu, tisa hawakupata kesi wala wakili. Kuwaambia hao tisa ilikuwa kazi ya Treva.

Aliyemfundisha ni Mwalimu Latta, mstaafu mwembamba aliyefundisha sekondari ya pale miaka thelathini na mitano na ambaye bado watu wazima walizima sigara wakimwona. Hakutaka malipo. Alitaka kahawa isiyo na sukari na mwanafunzi asiyebisha, na kwa Treva alipata kahawa.

"Umekosa tena la nne," alisema Mwalimu Latta Jumamosi moja ya mwezi wa Februari.

"Sijakosa. Hilo ndilo jibu."

"Ni jibu la nani?"

"La kweli, mwalimu."

Mwalimu Latta alivua miwani. Mbele yao kulikuwa na kitabu cha mazoezi, na ndani yake kifungu cha aya tano kuhusu mawakili wanaolipwa theluthi. Mwandishi wa kifungu alikuwa anausifu utaratibu huo. Alisema unamfungulia maskini mlango wa mahakama, maana hatari yote ya kushindwa anaibeba wakili. Tena, alisema, wakili asiyelipwa akishindwa hatachukua kesi isiyo na msingi, kwa hiyo mahakama zinapona na upuuzi. Swali la nne liliuliza: kwa mujibu wa kifungu, kwa nini mawakili hawa hukataa baadhi ya kesi? Treva alikuwa ameweka alama kwenye jibu la kwanza, kwamba faida yake ni ndogo. Jibu lililotakiwa ni la tatu, kwamba madai hayana msingi.

"Nionyeshe mstari anaposema habari ya faida ndogo," alisema Mwalimu Latta.

"Hajasema. Lakini ndivyo ilivyo. Mimi ndiye ninayewapigia simu za kuwakataa. Mwezi uliopita tumemkataa mama aliyeng'olewa jino zima na daktari mlevi. Msingi ulikuwepo. Jino ndilo lilikuwa dogo."

Mwalimu Latta alitaka kucheka akajizuia. "Sikiliza, binti. Mtihani haukuulizi unajua nini. Unakuuliza umesoma nini. Unayoyajua yaache mlangoni pamoja na mwavuli wako. Yaliyomo kwenye ukurasa ndiyo yaliyopo. Ukitoka utayachukua."

"Na la sita je?"

"La sita umeliacha wazi kabisa. Hilo silielewi."

Treva alilielewa sana. Swali la sita liliuliza ni kauli ipi ambayo mwandishi angekubaliana nayo, na jibu sahihi, alilijua tangu alipolisoma mara ya kwanza, lilikuwa hili: kesi iliyokataliwa na mawakili wengi huenda haikuwa na msingi tangu mwanzo. Baba yake, Clovis Ramey, aliachwa na vidole viwili mkono wa kulia baada ya msumeno wa kiwanda cha mbao kufunguka kinga yake, na aliandikia mawakili kumi na mmoja. Treva ndiye aliyeandika barua hizo, akiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu mwandiko wa baba wa mkono wa kushoto haukusomeka. Majibu kumi na moja yalikaa kwenye droo ya vijiko mpaka mzee akafa. Kila mtu nyumbani akitafuta uma aliyagusa.

Ndiyo maana alitaka uwakili. Hakuwa na ndoto ya suti wala ya jengo refu. Alitaka awepo mtu mmoja katika wilaya ile wa kuchukua kesi za vidole na meno. Na njia ilikuwa moja tu. Chuo cha sheria cha jimbo kilimlipia kila kitu mwombaji aliyefika alama mia moja sitini na mbili kati ya mia moja themanini, na bila kulipiwa kila kitu Treva asingeweza hata kununua vitabu vya muhula wa kwanza. Alishafanya mtihani mara mbili: mia moja arobaini na tisa, kisha mia moja hamsini na tatu. Ule wa Juni ungekuwa wa mwisho. Alikuwa amejiapiza hivyo, na mwili wake nao ulikuwa umechoka.

Alichukua penseli, akatia alama jibu la sita. Alihisi kama amemzaba baba yake kibao.

"Hapo sasa," alisema Mwalimu Latta.

Baada ya siku hiyo alama zilipanda. Ni jambo la kuogofya kidogo jinsi mtu anavyoweza kuzoea. Mwezi Machi alipata mia moja hamsini na nane kwenye mazoezi, Aprili mia moja sitini na moja, Mei mia moja sitini na tatu mara mbili mfululizo. Alisoma kila kitu kwa jicho lilelile: tangazo la dukani, mahubiri, maelezo ya dawa ya mafua. Imesemwa wapi? Mstari upi? Kisichokuwa na mstari alikipita.

Na kazini pia. Zamani mtu akipiga simu, Treva alikaa naye nusu saa nzima. Mkono upi, mama? Saa ngapi? Nani mwingine alikuwepo? Watu wa milima ile hawasemi jambo mara ya kwanza. Huanza na habari ya mvua, wakapita kwa shemeji, ndipo wafike kwenye mguu uliovunjika. Treva alijua kuwangoja. Sasa hakungoja. Alichukua fomu, akasoma kilichoandikwa, akaamua inaenda trei ya kushoto, ya wanaopokelewa, au ya kulia, ya wanaokataliwa, akarudi kwenye kitabu chake chini ya meza.

"Umekuwa mwepesi siku hizi," Prewitt alimwambia akipita na kikombe. "Napenda hivyo. Ulikuwa unawabembeleza mno."

Tarehe tatu Juni, Jumanne, siku tatu kabla ya mtihani, ikaja fomu ya Hobert Sizemore kwa posta. Mwandiko wa penseli, mkubwa, wa mtu anayebonyeza. Umri miaka sitini na mitatu. Kazi, kubebea watu nyasi na mbolea kwa gari lake. Alikuwa uwanjani pa duka la mbolea akingoja mzigo, dereva wa foklifti, ile mashine ya duka ya kunyanyulia mizigo, akaangusha rundo la nguzo za uzio, likampiga nyonga. Pale palipoulizwa tarehe ya kuumia, Hobert alikuwa ameandika: Jumamosi ile tuliyosafisha makaburi.

Kila mtu wa kule anajua maana yake. Kila kanisa lina Jumapili yake moja kwa mwaka ya kupamba makaburi kwa maua, na Jumamosi ya mkesha watu huja na majembe na mashine za nyasi kusafisha. Kanisa hili ni wiki ya pili ya Mei, lile ni mwanzo wa Juni, jingine ni baada ya hapo. Watu wa kalenda wana siku yao ya taifa ya kuwakumbuka wafu, mwisho wa Mei, lakini makanisa ya mabondeni hayajawahi kuijali.

Treva aliinua macho kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya kumbukumbu ya taifa ilikuwa imechapwa kwa wino mwekundu. Akarudi nyuma mwaka mmoja: Jumamosi ya kabla ya siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tano Mei. Sheria ya jimbo inampa majeruhi mwaka mmoja wa kufungua kesi, hauzidi. Mwaka ulikwisha siku tisa zilizopita. Aliweka alama pale palipoandikwa muda umekwisha, fomu ikaenda trei ya kulia. Ilichukua dakika mbili.

Hobert Sizemore alikuwa muumini wa kanisa la Laurel Fork. Baba yake Treva amezikwa Laurel Fork. Tangu hajajua kusoma, Treva alijua kwamba makaburi ya Laurel Fork husafishwa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya nne ya mwezi wa Juni. Lakini neno Laurel Fork halikuwamo kwenye fomu.

Alimpigia simu jioni ileile, maana alikuwa na orodha ya watu sita na alitaka kuimaliza.

"Mzee Hobert? Ni Treva, ofisini kwa Wakili Prewitt."

"Treva wa Clovis? Ooh. Mvua imekunyesheeni huko mjini?"

"Kidogo. Mzee Hobert, nakupigia kuhusu fomu yako. Hatutaweza kuichukua kesi. Sheria inatoa mwaka mmoja, na mwaka umekwisha."

Mbwa alibweka upande wa mzee.

"Umekwisha? Mimi nilidhani bado umebaki kidogo."

"Umekwisha, mzee. Pole sana. Utapata barua."

"Basi. Wewe ndiye unayejua, mwanangu. Nimsalimie Ottie?"

"Msalimie."

Ottie ni mkewe. Treva alikata simu, akaweka tiki, akampigia wa tano.

Mtihani aliufanyia jikoni kwake, siku ya Ijumaa, mbele ya kompyuta ya kuazima. Msimamizi asiyeonekana, sauti tu ya kijana wa mbali, alimwamuru azungushe kamera aone kuta zote, aone chini ya meza, aondoe kalenda ya kanisa iliyokuwa karibu na jokofu. Treva aliitoa msumarini, akailaza kifudifudi chumbani. Kisha akaketi, na kwa saa kadhaa hakuwa binti wa mtu yeyote. Kifungu kimoja kilikuwa cha wachongaji mawe, kimoja cha magonjwa ya miti, vingine havikumkaa kichwani. Alivipita vyote bila kugombana na hata kimoja. Alipomaliza alikula maharage na mkate wa mahindi akiwa amesimama, akalala saa kumi jioni mpaka asubuhi.

Jumapili ya nne ya Juni ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Treva alikwenda Laurel Fork na maua ya plastiki ya rangi ya machungwa, aliyoyapenda baba yake kwa sababu yanadumu. Makaburi yalikuwa safi. Meza ndefu zilikwishapangwa nje ya kanisa, kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, keki saba, na kina mama wakizuia nzi kwa taulo. Hobert Sizemore alikuwa ameegemea uzio na gongo lake la chuma. Alikuwa amekonda. Mguu wa kushoto aliuvuta kama gunia.

"Binti wa Clovis," alisema. "Maua mazuri. Mimi mwaka huu sikusafisha. Nilikuja jana nikakaa kwenye gari nikawaangalia wenzangu."

"Pole, mzee."

"Mwaka jana nilifyeka mstari wote huu, na wa baba yako nikaumalizia. Saa sita nikasema niende kuchukua mbolea kabla hawajafunga. Nilikuwa bado na majani kwenye viatu zile nguzo ziliponiangukia." Alicheka bila furaha. "Ottie anasema ningekaa nikala keki."

Treva alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka juu ya uzio na ikaanguka, na wala hakuiokota. Jumamosi ya mkesha. Mwaka jana. Tarehe ishirini na mbili Juni. Hakuhitaji kalenda. Alijua zile tarehe anavyojua jina lake, na alizijua vilevile siku ile akiwa na fomu mkononi. Mwaka ulikuwa unakwisha leo.

"Umeona nini?" aliuliza Hobert.

"Si kitu, mzee. Jua tu."

Hakumwambia. Alijidanganya kwamba anataka kuhakikisha kwanza. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu ilimfunga mdomo mpaka akafika nyumbani. Huko akafungua kitabu cha kanuni za mahakama. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili, mahakama hungoja hadi Jumatatu. Ilibaki siku moja, mpaka saa kumi na nusu jioni karani anapofunga dirisha.

Jumatatu asubuhi alimngoja Prewitt mlangoni.

"Bosi, kuna kosa, na ni langu." Akamweleza yote, makaburi na kalenda na simu.

Prewitt alisoma faili akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi: mtu angependa awe mbaya, mambo yawe mepesi.

"Nyonga," alisema. "Miaka sitini na mitatu, hana mwajiri, hana mshahara wa kuonyesha. Daktari wa kuja kutoa ushahidi peke yake atanila dola elfu nane kabla hatujamwona hakimu. Na bima ya duka itabisha miaka mitatu. Theluthi yangu hapo haifiki hata gharama."

"Kwa hiyo hata ningeisoma tarehe vizuri ungemkataa."

"Ningemkataa. Ila ningemkataa tarehe tatu akijua muda bado upo, akawa na wiki tatu za kutafuta mjinga mwingine." Alisema kwa upole. "Hizo wiki tatu ndizo kosa lako."

"Basi nimwandikie mimi. Karatasi moja tu. Nimechapa mia tano kama hizo."

"Umechapa nilizoandika mimi. Ukiandika yako, hiyo ni kazi ya wakili bila leseni. Fomu ya chuo itakuuliza kama umewahi, na ukimaliza chuo baraza la mawakili litakuuliza tena. Utadanganya?"

"Hapana."

"Basi." Akafunga faili. "Na barua tuliyomtumia inamwambia atafute wakili mwingine upesi. Iko wazi."

"Kwa simu nilimwambia muda umekwisha."

"Simu haimo kwenye faili, Treva."

Alirudi mezani kwake akapiga namba ya Sizemore. Hobert mwenyewe ndiye aliyepokea.

"Mzee Hobert, nilikosea. Mwaka wako haujaisha. Unaisha leo saa kumi na nusu. Nenda mahakamani, mwombe karani karatasi, ufungue kesi mwenyewe. Mtu anaruhusiwa."

"Niandike nini?"

"Siruhusiwi kukuambia."

Mbwa alibweka tena. Hobert alikuwa anafikiri polepole, kama kawaida yake.

"Lakini unajua cha kuandika."

"Ndiyo."

"Ila huruhusiwi."

"Ndiyo, mzee."

"Haya," alisema. "Ngoja nivae suruali ya maana."

Dirisha la Treva linatazamana na mahakama, barabara tu katikati. Saa nane na nusu gari la Hobert lilifika, likiendeshwa na Ottie kwa woga. Mzee alipanda ngazi moja moja na gongo lake, akaingia, akatoka na karatasi, akakaa kwenye benchi la mawe chini ya bendera. Ottie alimpa kitabu cha nyimbo akiweke chini ya karatasi. Wakaanza.

Simu ziliita. Treva alizipokea. Kati ya simu na simu alitazama. Hobert aliandika, akafuta, akaandika. Alikuwa na penseli. Ottie alinyoosha kidole mahali, wakabishana kidogo, akafuta tena. Mara mbili mzee aliinua uso akaangalia dirishani, si kwa kuomba, ni kama mtu anayeangalia saa ya ukutani. Treva aliiona karatasi yote kichwani mwake: jina la mdai hapa, jina kamili la kampuni hapa, uzembe wa dereva, madhara, kiasi. Dakika kumi. Angeisoma kwa sauti kutoka upande wa pili wa barabara.

Saa kumi kasorobo alisimama, akachukua mkoba, akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo akapiga hesabu. Hobert mmoja leo, au wote watakaokuja baada ya miaka minne akiwa na leseni yake mwenyewe. Vidole vyote vile na meno yote yale. Ilikuwa hesabu nzuri, haina kosa popote, na aliichukia huku akiipiga. Simu ikaita. Akarudi akaipokea.

Saa kumi na dakika ishirini Hobert aliingia ndani. Alitoka saa kumi na nusu na dakika mbili, karatasi ikiwa bado mkononi. Nyuma yake karani aligeuza kibao cha mlangoni. Mzee alisema neno na Ottie, kisha akavuka barabara peke yake, magari yakamngoja, akaja mpaka mezani kwa Treva.

"Ameirudisha," alisema. "Anasema nimeandika kilichotokea lakini sijaandika ninamshtaki nani. Anasema nirekebishe nirudi kesho. Nikamwambia kesho haipo. Akasema yeye anasoma tu kilichoandikwa."

Alimpa karatasi. Treva aliisoma, maana asingeweza kutoisoma. Jumamosi ile tuliyosafisha makaburi, baada ya kazi, nilikwenda kuchukua mbolea. Kijana wa foklifti hakuwa anaangalia. Mimi sikufanya kosa. Siwezi tena kuinama. Kila neno lilikuwa kweli, na mahakama isingelijali hata moja.

"Ni mimi, mzee," alisema Treva. "Ile tarehe tatu. Nilijua makaburi ya Laurel Fork husafishwa lini. Nilijua kabisa. Sikuuliza."

Mtu angetarajia Hobert amtukane, na ingekuwa afadhali.

"Mimi ndiye niliyeandika vibaya," alisema. "Waliuliza tarehe, nikawaandikia makaburi. Wewe ulisoma nilichoandika." Akahamisha gongo mkono mwingine. "Ottie anasema unasomea uwakili."

"Naomba nafasi."

"Vizuri. Tupate wa kwetu." Akatoka, akiacha karatasi mezani.

Jumatano matokeo yakatoka. Mia moja sitini na tano. Kwenye sehemu ya kusoma alikosa swali moja tu. Prewitt alileta keki ofisini yenye jina lake, na Jumamosi Mwalimu Latta, ambaye hakuwahi kumkumbatia mwanafunzi, alimkumbatia kando ya choo cha maktaba huku akilia.

"Mwalimu," aliuliza Treva, "uliniambia nikitoka nitayachukua."

"Utachukua nini?"

"Niliyoyaacha mlangoni."

Mwalimu Latta alifuta miwani, akijaribu kukumbuka. "Nilisema hivyo? Ni namna ya kusema tu, binti."

Ilibaki insha. Chuo kilitaka kurasa mbili: kwa nini unataka kuwa wakili? Treva aliiandika usiku mmoja, meza ya jikoni, kalenda ya kanisa ikiwa imerudi msumarini karibu na jokofu. Aliandika habari za msumeno na za mkono wa kulia wa baba yake, za barua kumi na moja ndani ya droo ya vijiko, na za msichana wa miaka kumi na mitano aliyejifunza kwamba hakuna mtu anayesoma barua mpaka mwisho. Ilikuwa insha nzuri. Kamati ya chuo ilimwandikia kwamba iliwagusa wote.

Habari za Hobert Sizemore hakuziandika.